Karavani Aliyotuchagulia Baba Mukubwa

Ilianza siku ya posho, Jumamosi, saa mbili na nusu ya asubuhi, wakati Mama alipojifunga kitenge cha pili kiunoni, akachukua bidoni ndogo ya maji, akaniambia nivae viatu vya Misa kwa sababu tunaenda kununua nyumba. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Leo niko na kumi na saba, na sikuwa na mpango wa kuandika habari hii. Naiandika kwa sababu ya hasira. Wiki hii tumemzika Baba Mukubwa, kaka wa baba yangu, na kwenye matanga mzee mmoja wa familia alisimama mbele ya watu wote akasema marehemu alikuwa mtu wa roho nzuri: ndugu yake alipokufa, yeye alimchukua mjane, akamtunza, akamnunulia hata nyumba ya magurudumu, karavani ya wazungu, kitu ambacho mjane mwingine wa Likasi hajawahi kununuliwa. Watu wakaitikia. Wengine wakapiga makofi. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, anatazama vidole vyake. Mimi nilikuwa nagawa maji ya kunywa. Mimi si mtu wa kusema. Hata darasani mwalimu akiniita, jibu linarudi tumboni. Lakini nilimmwagia mama mmoja maji kwenye goti.

Alinunua yeye? Haya. Ngoja niseme alivyonunua.

Baba alipokufa, arobaini haijaisha, Baba Mukubwa alikuja na lori lake akapakia vitanda vyetu, kabati, sufuria, na sisi wawili, akatupeleka kwenye parsele yake, kiwanja chake chenye nyumba, kule Kikula. Hakuna aliyeona ajabu. Kwetu mkubwa wa marehemu ndiye anayebaki na nyumba ya marehemu mkononi, na watu wake pia. Alitupa chumba cha nyuma. Parsele ilikuwa na ukuta pande zote na geti la bati, na ufunguo wa geti ulikaa kwenye mfuko wa suruali yake. Mama akitaka kwenda sokoni kabla hajaamka, anasubiri. Akichelewa kurudi, anapiga geti kama mgeni, na mlango unafunguliwa polepole, ili majirani wasikie vizuri.

Mama hakulalamika. Alikaanga maandazi, akayauza kwenye lango la shule, na kila wiki akatia sehemu yake kwenye likelemba ya wanawake wa parokia, ile ya kuchangishana ambapo kila mmoja anapokea kwa zamu. Zamu yake ilipofika, alikuwa tayari anajua anachotaka. Kwenye barabara ya Kakontwe, malori ya mawe yanapanga foleni kwenye machimbo tangu alfajiri, na madereva na wavunja mawe wanashinda na njaa. Mama alitaka karavani moja, aiweke pale kando ya barabara, mbele apike bukari, yaani ugali, na samaki, nyuma tulale. Alinieleza usiku mmoja tukiwa kitandani, kwa sauti ndogo sana. Alisema tutakuwa na mlango wetu, na ufunguo utakaa shingoni mwake kwenye kamba.

Kampuni moja ya barabara ilikuwa imemaliza kazi yake nje ya mji na inauza kila kitu: mapipa, matanki, vitanda vya chuma, na nyumba za magurudumu walizokuwa wanalala wahandisi. Zilikuwa zimepangwa kwenye uwanja wa vumbi jekundu, zote zimefungwa madirisha. Mlinzi aliyekuwa anaziuza aliitwa Papa Déo, mtu mnene mwenye kofia ya pamba kwenye jua lile. Alimfungulia Mama milango yote, akakaa kwenye kivuli kula karanga.

Nikiufumba mdomo na kuvuta hewa, hata leo naisikia harufu ya ndani: gundi iliyopigwa jua, mbao nyembamba, zulia lililowahi kulowa, na kahawa ya watu waliokwisha kuondoka. Mama alikagua zile karavani kama anavyokagua beseni jipya sokoni. Yeye beseni hanunui kwa rangi. Anatia maji, analiinua juu ya kichwa, anaangalia chini yake. Basi alipanda ngazi ya nyuma ya kila karavani akiwa na bidoni, anamwaga maji kwenye pembe za paa, halafu anashuka, anaingia ndani, tunakaa kimya tukitazama juu. Alikanyaga sakafu kwa kisigino karibu na mlango, chini ya sinki, na chini ya madirisha, kwa sababu alisema maji yakiingia yanakaa hapo. Alifunga kila mlango kwa kidole kimoja. Ukikataa kufunga, alisema mwili wa nyumba umepinda. Alinituma nilale chini na nimwambie kama vyuma viwili virefu vya shasi viko sawa au kuna mahali vimeunganishwa upya. Nilichafua gauni. Hakunigombeza, ndipo nikajua siku ile si siku ya kawaida.

Aliyoichagua ilikuwa ya kijani, fupi, rangi imekufa upande wa jua. Sakafu yake ilijibu kwa sauti ngumu kila mahali. Paa halikuvuja tone. Mbele ilikuwa na mkono wa chuma wa kawaida, ule unaofungwa nyuma ya gari lolote, hata pikapu ya kuchoka. Dirisha lake kubwa lilifunguka kwenda nje. Mama alisimama ndani, akaniambia nisimame nje, akanipa sahani ya hewa. Sahani ilinifikia kifuani. Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Baba alipougua.

Halafu akamwambia Papa Déo anaichukua ile.

Papa Déo alipangusa mikono. "Mama, hii si kununua nyungu kwa soko. Bwana iko wapi?"

"Alikufa."

"Pole. Na mukubwa wa bwana?"

"Minye njo ninanunua," Mama akasema, akigusa pesa zilizofungwa kiunoni. "Makuta ni yangu."

"Nasikia, mama. Lakini kesho familia ya bwana itakuja kuniuliza juu ya nini niliuzisha mujane nyumba bila bao kujua. Minye niko na watoto."

Alisema kwa upole, na ndiyo maana hadi leo sijui nimkasirikie vipi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anafuata kitu ambacho kila mtu anafuata, na kitu hicho kilikuwa kimeketi juu ya kichwa cha Mama kuliko maji yoyote aliyowahi kubeba. Mama alijadiliana naye mpaka jua likapanda. Mwisho akaomba simu ya Papa Déo, akampigia Baba Mukubwa, akamweleza habari ya karavani na kazi ya kupika Kakontwe.

Alikuja na lori lake bila tela, kichwa kitupu, kinanguruma. Kazi yake ilikuwa kubeba mawe ya Kakontwe. Wale wanaoishi karibu na malori wanajua kile kisahani kikubwa cha chuma kilicholala mgongoni mwa kichwa cha lori, kimepakwa grisi nyeusi, kina mwanya kama mdomo. Kinaitwa sellette. Tela linashusha pini yake pale, mdomo unafunga, basi, haliachii tena. Baba Mukubwa alipita mbele ya ile ya kijani bila kuigusa. Alikwenda moja kwa moja kwa nyingine, nyeupe, ndefu, iliyokuwa peke yake mwisho wa uwanja. Mama alikuwa ameikataa asubuhi ile, maana pembe ya mbele maji yalipita kama ungo.

Hiyo nyeupe ilikuwa na shingo. Mbele haikuwa na mkono chini. Sehemu yake ya mbele ilinyanyuka juu na kuning'inia hewani, na chini ya shingo ile palitokeza pini ya chuma, nene, inang'aa. Baba Mukubwa aliipitisha kidole gumba taratibu, kama mtu anayepima ukali wa panga.

"Unaona hii?" akamwambia Papa Déo, si Mama. "Hii njo chuma. Ile ingine, hata muntu wa kinga, wa baiskeli tu, anaweza kuikokota."

"Njo vile minye nataka," Mama akasema.

Hakugeuka. Mama akaeleza habari ya paa, akapanda tena na maji yaliyobaki, akamwaga, na ndani matone yakaanguka kwenye godoro la wahandisi, pa, pa, pa. Baba Mukubwa alisema mastiki kidogo ya kuziba itamaliza mambo. Mama akasema sakafu chini ya kitanda ni laini. Yeye akasema sakafu laini ni kwa sababu ya zulia. Akasema ile ya kijani ni sanduku, na mtoto wa ndugu yake hatalala ndani ya sanduku watu wakamcheka yeye. Kisha akaniita.

Nimejaribu kuandika mstari huu mara nyingi bila kuvunja kalamu. Aliniita kwa lile jina la kubembeleza alilokuwa analitumia Baba peke yake. Akanishika mkono, akanipandisha ndani ya karavani nyeupe. Kulikuwa na ngazi ndogo ndani, vipandio viwili vyenye zulia, zinazopanda kwenye chumba kilichokuwa ndani ya ile shingo. Kitanda, pazia la maua, kioo cha duara. Nyumba yenye ghorofa. Sikuwahi kulala mahali penye ngazi. Nilitazama nje kwa dirisha dogo nikaona uwanja wote chini yangu, na Mama amesimama katikati na bidoni tupu, mdogo sana.

"Weye unapenda gani?" akaniuliza.

Nikasema hii. Ungekuwa na miaka kumi na moja, ungesema nini?

Akanishusha, akaniweka mkono kichwani mbele ya wote. "Munasikia? Mutoto amechagua."

Nilidhani ananipenda. Nilidhani ameona shida yetu ya chumba cha nyuma na ameamua kutupa kitu kikubwa kuliko Mama alivyothubutu kuomba. Nikapiga goti kwenye lile vumbi, nikamshukuru: merci, Baba Mukubwa. Nilipomtazama Mama, macho yake yalikuwa yamejaa maji, nikajua ni furaha. Sijilaumu kwa hilo na sitajilaumu. Mtoto anasoma anachopewa kusoma. Lakini mtu mzima mwenye mvi, anayejua anachofanya, achukue mdomo wa mtoto na kuutumia kumfunga mama yake, halafu apokee na shukrani juu yake, akiwa amesimama, mikono mfukoni! Hilo ndilo walipaswa kulisema kwenye matanga.

Mama alifungua kitenge cha ndani akatoa makuta yake. Papa Déo aliyapokea kutoka mkono wa Baba Mukubwa, maana hata kule kuyapitisha ilibidi yapite kwake.

Kuifunga kwenye lori kulichukua muda. Kichwa cha lori la mawe kipo juu sana, na karavani ile ilitengenezwa kwa gari dogo. Walizungusha miguu yake ya mbele, wakatia magogo chini, wakainyanyua shingo mpaka pini ikaingia kwenye mdomo wa sellette na kufunga kwa kishindo. Pua ikawa juu kabisa. Mkia ukakaa karibu chini. Papa Déo alisema, taratibu, labda si hivyo inavyokokotwa. Baba Mukubwa alimuuliza kama yeye ni dereva, shofere.

Tulipanda watatu mbele. Tangu dakika ya kwanza mkia ulianza kukwaruza lami. Kila tuta, kila shimo, kriii, kama mtu anaburuta sufuria sakafuni. Nilichungulia nyuma nikaona bomba la maji machafu limebaki barabarani, halafu kipande cha bati. Watoto walikimbia kando wakiimba, "Nyumba inachuchumaa! Nyumba inachuchumaa!" Baba Mukubwa alicheka nao, akapiga honi. Mama alitazama mbele tu.

Kwenye njia panda, barabara moja inakwenda Kakontwe, nyingine Kikula. Alikunja Kikula. Nikamwambia Mama kwa sauti, kwa furaha yangu ya kijinga, kwamba tunaenda kwanza kuwaonyesha majirani. Mama alinibana mkono. Sio kwa kuniumiza. Kama mtu anayeshika kitu asianguke.

Aliingiza karavani kwenye parsele kinyumenyume, akaiegesha kandokando ya ukuta wa mbele, ule unaotenganisha parsele na njia. Aliiegesha karibu mno. Hata hii nyeupe ilikuwa na dirisha kubwa, ambalo Mama angepitishia sahani; liliangalia matofali, na katikati palibaki nafasi ya mkono mmoja. Alitoa lori, akaacha shingo imekaa juu ya mapipa mawili. Akajipangusa grisi kwenye majani.

Mama akamwendea. Alipiga goti kama inavyotakiwa, akanyanyuka.

"Shemeji, nakulomba. Kazi moja tu: utanikokotea mpaka Kakontwe?"

"Kakontwe kufanya nini?"

"Nilikuambia. Kupika."

"Bibi ya ndugu yangu hatapikia bashofere kando ya barabara. Iko muzuri hapa."

"Basi nitatafuta mwingine anikokotee."

Hapo ndipo alipocheka. Hakucheka kwa hasira. Alicheka kama mtu aliyekuwa anangoja sentensi ile tangu asubuhi. "Na nini? Na pikapu ya jirani? Ile shingo inataka sellette, shemeji. Kikula yote, sellette iko kwangu. Tafuta."

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kipandio cha mlango, nimevua viatu vya Misa ili nisichafue zulia letu. Nilisikia kila neno, na kwa mara ya kwanza nikaielewa ile pini. Hakuchagua chuma kigumu. Alichagua nyumba ambayo mkono wake peke yake ndio ungeweza kuihamisha. Mama alikuwa ametafuta nyumba ambayo hata mtu wa baiskeli angeikokota, na alimwambia hivyo, kwa mdomo wake, na yeye akasikia vizuri kabisa. Nikahisi kitu cha moto kinapanda kutoka miguuni. Nilikuwa nimewahi kuogopa, nimewahi kulia. Hasira ya namna ile ilikuwa mpya, na nilidhani ni homa.

Kabla jua halijazama akaleta matairi yake ya zamani manne, akayasukuma ndani ya karavani, moja baada ya jingine, juu ya zulia, akasema anayakinga na mvua. Moja akalilaza juu ya kitanda cha shingoni. Mama akaingia chumba chetu cha nyuma, akalala na nguo alizovaa, akageukia upande wake.

Asubuhi, siku ya yenga, Jumapili, Baba Mukubwa alivaa shati lake la kitenge la wanaume wa parokia akaenda Misa ya kwanza, na mke wake na watoto wake nyuma yake. Mama alisema kichwa kinamuuma. Akaniambia niende nao. Nilisema ndiyo. Nilifika getini, nikawaacha wapite, nikarudi.

Sikuwa na mpango. Nilikwenda kwenye sanduku la vyuma la Baba Mukubwa chini ya mwembe wa karibu na choo, nikatoa nyundo, ile nzito ya kugongea matairi. Niliingia ndani ya karavani, nikapanda juu ya matairi, nikafungua dirisha kubwa kadiri lilivyokubali, mpaka kioo kikagusa ukuta. Matofali yalikuwa mbele ya uso wangu, ya kuchoma, mekundu, yameunganishwa kwa udongo mtupu kwa sababu Baba Mukubwa hakupenda kununua saruji. Nilinyoosha mkono nikapiga lile la juu. Halikutikisika. Nikapiga tena. Udongo ukaanza kutiririka kama unga. Nilipiga kwa mikono miwili huku nikilia, kamasi zinaingia mdomoni, na kwa kila pigo nilikuwa nasema merci, Baba Mukubwa, merci, Baba Mukubwa, mpaka tofali la kwanza likaangukia upande wa njia.

Mwanga ukaingia ndani. Upande wa pili niliona barabara, na mbuzi, na mtu mmoja na baiskeli ya makaa amesimama ananitazama.

Nilikuwa kwenye mstari wa pili wa matofali niliposikia karavani inainama upande wa mlango. Mama alikuwa ameingia. Nywele hazijafungwa, alama ya mto kwenye shavu. Alitazama dirisha, akatazama matofali, akanyoosha mkono, nikampa nyundo. Nilijua nitapigwa. Nilikuwa tayari.

"Toka," akasema. "Unapiga mubaya. Piga pembeni, si katikati."

Akapanda juu ya tairi, akafunga kitenge, na alipopiga, mawili yakatoka pamoja.

Mimi nilitoka nje. Geti lilikuwa wazi, walilisahau kwa haraka ya Misa. Nikaenda upande wa njia, mahali matofali yalipokuwa yanaanguka, nikayaokota yale mazima moja moja, nikayapangusa udongo kwa gauni langu, nikayapanga chini ya ukuta, chini ya dirisha la Mama, vipandio viwili vipana. Kisha nikasimama juu yake kujaribu kama mtu anafika dirishani kupokea sahani. Anafika.